Sura ya Nne: Nguruwe Wasiolala

Ukungu wa Rangwi asubuhi hiyo ulikuwa mzito hata pikipiki ya bwana mifugo ilipanda kilima cha mwisho ikifuata harufu. Benjamini alizima injini, akavua kofia ngumu, akanusa kushoto, kisha kulia, kama mpishi aliyeingia jikoni kwa mwenzake.

"Tumefika, afande. Kwa mzee Silvano ni hapo chini ya migomba."

Inspekta Mwanaheri Shemdoe alishuka kiti cha nyuma akikunjua magoti. Tangu Lushoto mjini, barabara ilikuwa imemrusha zaidi kuliko ilivyomkalisha. Alikuwa mpelelezi wa polisi, mama wa makamo aliyelelewa madrasa, na jalada lililokuwa ndani ya mkoba wake lilihusu nguruwe. Kituoni wenzake walikuwa wamecheka hadi mmoja akapaliwa na chai, ikambidi apigwe mgongo na mahabusu. Yeye hakucheka. Mahabusu mwingine alikuwa kule ndani amekaa kimya, na kimya chake ndicho kilichompandisha Mwanaheri mlimani.

Mahabusu huyo aliitwa Idrisa Shekalaghe, mkulima wa kabichi na mwalimu wa madrasa ya kijiji. Shamba lake lilipakana na la Silvano, mfugaji wa nguruwe. Tangu mvua za vuli zianze, nguruwe wa Silvano walikuwa wameharibika. Walitafunana mikia. Walikonda huku wakilishwa. Mama nguruwe alikuwa akilalia watoto wake mmoja baada ya mwingine. Kisha mambo mawili yakatokea kwa mfuatano. Chupa ya dawa ya kupulizia kabichi ilikutwa nyuma ya banda. Na alfajiri moja Silvano akamwona Idrisa anatoka bandani, kitu kimetuna ndani ya koti. Polisi walimchukua Idrisa nusu kwa tuhuma, nusu kumwokoa na marungu.

Alihojiwa akajibu neno moja: "Sikutia sumu." Alipoulizwa mwalimu wa madrasa alifuata nini kwenye banda la nguruwe kabla jua halijatoka, aliangalia sakafu. Alipoulizwa alibeba nini, akaendelea kuangalia sakafu.

Mtu alikuwa akiwangoja kwenye kona ya njia, blanketi begani. Mwanaheri alimwamkia. Alikuwa Hezekia, mwenyekiti wa kijiji.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Gari la kituo limekwama kwenye tope. Askari wanalisukuma."

Hezekia alipangusa uso kwa ncha ya blanketi. "Basi sikiliza. Vijana siwawezi tena. Juzi jiwe limetua kwenye bati la Idrisa, mke na watoto wako ndani. Jana wameng'oa miche yake ya kabichi. Nimeitisha mkutano leo saa tisa, ili wasije wakaenda wenyewe gizani. Wameshaniambia watakachosema. Idrisa asipoeleza alichofanya bandani, mkewe afungashe, ateremke Mnazi kule tambarare na watoto wake, na wasipande tena huku."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi nina sauti moja. Wao wana mapanga ya kukatia majani, na leo hakuna anayekata majani."

Benjamini alimpa Mwanaheri mabuti ya mpira. "Haya vaa, afande. Tope la humo si la viatu vya serikali."

"Nitakurudishia yakiwa safi. Nitayaosha mara saba, moja kwa udongo."

"Mara saba! Mwenzako nayasuguasugua tu kwenye majani."

"Wewe hukusoma madrasa. Kwetu ndivyo kinavyotakaswa kilichogusa mbwa au nguruwe."

Silvano aliwapokea mlangoni mwa banda. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, sauti kubwa kuliko kifua. Mkewe Esta alisimama nyuma yake na ndoo ya pumba, kanga ameifunga chini ya kidevu kwa baridi.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Silvano. Esta aliitikia bila sauti.

Mwanaheri hakuingia kwanza. Alilizunguka banda. Lilikuwa la mabanzi, limejengwa vizuri, na lilikuwa na madirisha manne. Yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na juu ya magunia udongo umekandikwa.

"Mzee, madirisha umeyaziba kwa nini?"

"Jicho, mwanangu." Silvano aliinamisha kichwa kana kwamba hilo jicho lilikuwa juu ya paa. "Marehemu baba alifuga ng'ombe ndani ya nyumba, gizani, chini ya dari tuliyolala sisi. Hakuna mtu aliyemwona ng'ombe wake mpaka siku ya kuchinja. Mnyama akionekana anasifiwa. Akisifiwa, kwisha. Mimi nilikuwa na dume hapa, pua iko Rangwi, mkia uko Mlalo. Nikitaka kumgeuza naomba ruhusa vijiji viwili. Akapita mtu mmoja, mmoja tu, akachungulia dirishani akasema, 'Loo!' Kesho yake dume amelala chali."

"Alikufa kwa 'loo'?" aliuliza Benjamini.

"Hata haikuwa 'loo' ndefu."

"Kwa hiyo mchana humu ni giza," alisema Mwanaheri.

"Giza totoro. Tunalisha kwa kupapasa."

Aliingia na kurunzi. Mara tu alipoiwasha, nguruwe walipiga kelele, wakaruka wakakimbilia ukuta wa mbali, wakapandana. Mwanaheri aliizima. Kelele zikapungua. Akaiwasha tena. Zikaanza tena. Alifanya hivyo mara ya tatu, taratibu, akiwatazama wanakokimbilia.

Banda lilikuwa na vyumba viwili, ukuta mfupi katikati. Kulia walikaa nguruwe wa kunenepeshwa. Hakuna aliyekuwa na mkia mzima, na mmoja sikio lilikuwa limebaki kipande. Kushoto alikaa mama nguruwe. Alikuwa amejisukuma chini ya kihori cha chakula, kwenye kona, hata mgongo wake ulikuwa umechubuka kwa mbao. Watoto wawili waliobaki walikuwa wamebanwa kati ya tumbo lake na ukuta.

"Mtoe huyo!" alisema Mwanaheri. Benjamini alishaingiza mkono. Alimvuta mtoto mmoja kwa mguu wa nyuma. Alikuwa mzima, ila pumzi ilikuwa fupi.

"Yule aliyekufa jana nimempasua, afande. Mbavu zimevunjika. Tumbo tupu, hakunyonya. Ini halina neno. Mate hayana povu. Huyo hakulishwa kitu. Alilaliwa."

"Na hawa wa mikia?"

"Sumu haiambii mtu atafune mkia wa mwenzake. Nguruwe hufanya hivyo akikosa raha. Akibanana, akikosa usingizi."

"Usingizi? Kwenye giza hili?"

Benjamini alikuna shingo. 

Mwanaheri alielekeza kurunzi sakafuni. Kinyesi chote, cha chumba hiki na cha kile, kilikuwa kimelundikana katikati, pande mbili za ule ukuta mfupi. Kona zote zilikuwa kavu.

"Bwana mifugo, nguruwe hujisaidia popote?"

"Aka! Nguruwe wanamsingizia. Ana chumba cha kulala na ana choo, ukimpa nafasi. Hujisaidia penye mwanga, hulala penye giza. Banda la kawaida utakuta choo kiko dirishani."

"Humu dirisha halipo. Mbona choo kiko katikati?"

 Nje, ndoo ya Esta iligonga jiwe.

Mwanaheri aliinua kurunzi juu kutoka kwenye lile lundo. Boriti ilipita hapo hapo. Juu yake kulikuwa na waya uliokunjwa kama ndoano, na pale waya ulipopinda, kutu ilikuwa imelika ukang'aa. Kitu kilikuwa kikining'inizwa hapo na kuondolewa, kikining'inizwa na kuondolewa. Akapapasa juu ya ukuta mfupi. Kiganja kilirudi kimejaa mabawa makavu ya kumbikumbi, na vipande vya nondo.

"Mzee Silvano, kumbikumbi hufuata nguruwe?"

"Kumbikumbi? Hufuata taa."

"Na humu hakuna taa."

"Haijawahi kuingia," alisema Silvano. Kisha akakaa ghafla kwenye jiwe la mlangoni. "Mungu wangu. Kumbe inaingia kabisa."

"Nini kinaingia?"

Silvano alitazama huku na huku. "Nilimwambia mwenyekiti, hakuandika. Taa ina miguu. Usiku nikitoka nje kujisaidia, naiona hapa bandani, nyeupe, inapenya kwenye mabanzi kama sindano. Si ya moto, si ya umeme, umeme huku kwetu chini haujafika. Na alfajiri inatoka. Inatembea. Inapanda njia ya kwa Idrisa, inazimika. Mchawi wa taa, afande. Babu alinisimulia mmoja wa Mgwashi aliyemulika ng'ombe mpaka maziwa yakatoka yameiva."

"Hukuja kuangalia?"

"Nilitaka! Nilichukua panga kabisa. Mke wangu akanishika shati. Kila nikitoka ananishika shati. Shati langu la kulalia sasa halina mgongo."

Mwanaheri aligeuka polepole. Esta alikuwa akichota pumba kutoka kwenye ndoo na kuirudisha ndani ya ndoo ile ile.

Mpelelezi alifungua mkoba, akatoa ile chupa ya dawa ya kabichi iliyokutwa nyuma ya banda. Aliifungua kizibo, akanusa, akampa Benjamini.

"Mafuta ya taa," alisema Benjamini.

"Maandishi ni ya dawa, ndani ni mafuta ya taa, tena ya zamani. Mama Esta, hili banda zamani lilikuwa la nini?"

"La vifaranga," alisema Esta. Ilikuwa sauti yake ya kwanza siku hiyo. "Kabla ya nguruwe nilifuga vifaranga."

"Ukiwawashia koroboi usiku."

"Kifaranga bila taa hali. Nilikuwa nawaachia usiku kucha. Walinenepa." Alisema hivyo haraka, halafu akafumba mdomo.

"Kwa hiyo mafuta haya ni yako."

"Chupa za hivyo zimejaa kila nyumba, mwanangu."

"Mbona unamuuliza mke wangu habari za vifaranga?" Silvano alisimama. "Mchawi yuko mahabusu! Nguruwe hawa ndio wampeleke binti yetu Happiness chuo cha uuguzi. Sasa watampeleka wapi? Watampeleka sokoni akauze ndizi!"

Esta aliweka ndoo chini na kuondoka kwenda jikoni. Mwanaheri alimwacha. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na ndani ya ukungu mtu alikuwa akipiga bati kwa fimbo, taratibu, akiita watu uwanjani. Saa tisa ilikuwa bado. Wao walikuwa wameanza.

"Mwenyekiti," alimwambia Hezekia aliyekuwa amewafuata, "nenda ukakae nao. Ongea. Simulia hadithi, hutubia, fungua kikao kwa sala ndefu."

"Ya nani? Ya kwetu au ya kwenu?"

"Zote mbili."

Njia ya kwa Idrisa ilivuka mfereji na kupanda katikati ya matuta ya kabichi. Miche ilikuwa imelala kifudifudi, mizizi juu. Mlangoni palikuwa na magunia mawili yaliyofungwa na sufuria imefungwa juu ya gunia moja. Mke wa Idrisa, Zakia, alikuwa akikunja godoro la watoto. Mimba yake ilikuwa ya mwisho mwisho. Aliinuka kwa kushika mlango.

"Shikamoo, afande. Wameshaamua?"

"Marahaba. Bado. Kaa, dada, usisimame."

"Nikikaa sitainuka. Watoto nimewapeleka kwa baba."

Baba yake alikuwa Mzee Mbaraka, imamu wa msikiti wa kijiji. Mwanaheri alitazama juu. Kwenye bati kulikuwa na paneli ya sola, pembeni bati limebonyea lilipotua jiwe. Waya ulishuka kutoka kwenye paneli hadi dirishani, ukakatikia hewani, bila kitu.

"Mna taa?"

"Tulikuwa nayo. Iliharibika."

"Naomba maji nioshe mabuti. Nimetoka bandani kwa mzee Silvano."

Zakia alionyesha nyuma ya nyumba, na mara hiyo hiyo akabadilika. "Ngoja nikuletee mwenyewe, afande."

Mwanaheri alikuwa ameshapinda kona. Bombani palikuwa na beseni, na kando ya beseni kigae cha chungu. Ndani ya kigae palikuwa na udongo mwekundu uliochekechwa laini kama unga wa ulezi. Kitambaa kilichoshika udongo huo huo kilikuwa kimeanikwa kwenye ua.

Alichuchumaa. Alichovya kidole kwenye udongo.

"Mnafuga mbwa, Zakia?"

"Hapana, afande."

"Umewahi kugusana na mbwa wa mtu?"

"Hapana."

"Na mimi leo ndiyo kwanza natoka kwa nguruwe, natafuta udongo msafi wa kuoshea mabuti, nakuta ninyi mmeshauchekecha. Unao wa siku nyingi, umezoeleka mpaka kigae kimepata alama ya vidole. Kuna kitu hapa kinakwenda kwa nguruwe na kurudi. Na kila kikirudi kinaoshwa kama tulivyofundishwa."

Zakia aliegemea ukuta. Kutoka uwanjani bati lililia tena, safari hii kwa kasi.

"Ilete taa, mdogo wangu."

Aliileta imefungwa kwenye kanga. Ilikuwa taa nyeupe kubwa ya wavuvi wa dagaa, ile ya kuita samaki, aliyoinunua Idrisa Tanga. Ilisemekana siku alipoijaribu mara ya kwanza, majogoo wa vijiji vyote jirani waliwika na padri akaamka kuvaa. Kioo chake kilikuwa safi kabisa. Lakini kwenye mitaro ya parafujo udongo mwekundu ulikuwa umekauka, na kwenye ndoano ya kuning'inizia ulikuwa umeng'ang'ania unywele mmoja mgumu, mweupe.

"Mama Esta ndiye aliyeiomba," alisema Zakia. "Aliona mama nguruwe hana maziwa. Alisikia kwenye semina ya parokia kwamba mwanga unaongeza maziwa. Mumewe hataki kusikia dirisha. Akaja kwangu analia. Afande, mtoto wangu wa pili nilijifungulia mikononi mwake. Masika, njia imekatika, Idrisa yuko Mnazi. Mama Esta alinivulia kanga yake mwenyewe. Sasa anaomba taa, nimwambie nini? Nimwambie nguruwe?"

"Kwa nini akaibeba Idrisa?"

"Betri lazima ichajiwe hapa, kwenye paneli. Jioni iende, asubuhi irudi. Mfereji unateleza na mimi niko hivi. Nikamtuma mume wangu. Nikamwapisha asimwambie mtu. Mwalimu wa madrasa anapeleka taa kwa nguruwe! Wazazi wangeacha kuleta watoto siku hiyo hiyo. Na baba yangu..." Alishika tumbo. "Idrisa akiapa, ameapa. Atakaa huko mpaka ndevu zifike magotini."

"Mama Esta amejua taa imefanya nini?"

Zakia alishangaa kweli. "Imefanya nini? Sisi tulijua ni sumu ya mtu mwingine. Taa inaweza kufanya nini?"

Mwanaheri aliifunga taa kwenye kanga. Mabuti hakuyaosha. "Mimi sitataja jina la mtu. Lakini hii naiweka mezani. Hakuna njia nyingine ya kumtoa mumeo."

Uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa na ukungu umekaa juu ya watu kama dari. Wanaume walisimama mbele, mapanga yamening'inia mikononi. Wanawake walikaa pembeni kwenye majani. Esta alikuwa miongoni mwao, kanga imemfunika mpaka machoni. Mzee Mbaraka, imamu, alikaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, bila kumtazama mtu. Hezekia alikuwa bado anasali. Alishapita manabii wote na sasa alikuwa anaombea barabara.

"Amina!" alisema mara alipomwona Mwanaheri. Sauti ilimtoka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Idrisa amesema?" kijana mmoja mwenye koti la mvua alipaza sauti.

"Hajasema."

"Basi habari imekwisha!"

Watu waliinuka. Kundi zima lilisogea hatua kuelekea njia ya mfereji. Mwanaheri alipanda juu ya meza ya mwenyekiti na mabuti yake yenye kinyesi.

"Bwana mifugo, waambie."

"Hakuna sumu," alisema Benjamini. "Nimepasua, nimeangalia. Watoto wamelaliwa na mama yao."

"Kwa nini awalalie? Amerogwa!"

Mwanaheri alifungua kanga, akanyanyua taa, akaiwasha.

Ukungu wote uligeuka maziwa. Silvano alipiga yowe: "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo yenye miguu!" Walio mbele waliinua mikono kuziba macho, wakageuza vichwa, wakarudi nyuma, wakawakanyaga walio nyuma. Panga moja lilianguka. Mtu alimpiga mwenzake kiwiko. Katika muda mfupi wanaume wote walikuwa wamebanana nyuma ya ukuta wa ofisi, palipokuwa na kivuli, wakitukanana.

"Nisukume tena uone!"

"Nani ananikanyaga? Ninyi mna macho?"

Mwanaheri aliizima. "Mmeona mlivyofanya? Mmekimbilia kona moja. Mmeanza kugombana. Sasa fikirini mnamulikwa hivyo usiku kucha, kila usiku, mlango umefungwa. Na mchana, mkitaka kuona jua, dirisha limezibwa. Mama nguruwe alikuwa akikimbiza macho yake chini ya kihori, na watoto wanamfuata. Ndipo anapowalalia, hata sasa taa haipo, kwa kuwa kona hiyo ameshaizoea. Wale wengine wanabanana kwenye kivuli wanatafunana mikia. Hawajalala tangu vuli ianze."

"Afande umetufananisha na nguruwe?" aliuliza kijana wa koti la mvua.

"Nguruwe hawakuokota mawe," alisema Hezekia.

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Lakini Silvano alikuwa amesogea hadi mezani, kidole kwenye taa.

"Ya nani? Nataka mtu. Nani ameimulika mali yangu?"

 Mwanaheri aliiweka taa chini na kukunja mikono. Aliangalia milima, ingawa milima haikuonekana.

"Nauliza ya nani!"

Esta alisimama. Kanga iliteleza mabegani.

"Nimeiwasha mimi, baba Happiness."

Silvano alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, na wenyeji walisema baadaye ndiyo mara ya kwanza tangu abatizwe.

"Maziwa yalikauka. Dirisha ulikataa. Nikasema nitawapa mwanga usiku, wewe ukiwa umelala, kama nilivyowafanyia vifaranga. Nilikushika shati ili usinikute. Watoto walipoanza kufa nikajua ni sumu kweli, nikazidisha taa. Idrisa hana kosa. Na taa... taa nimeinunua mwenyewe."

"Wapi?" aliuliza kijana. "Taa ile tunaijua."

Esta alivuta kanga mabegani. Uongo wake ulibaki umesimama uwanjani peke yake.

"Ni yangu."

Watu waligeuka. Zakia alikuwa ametokeza kwenye njia ya mfereji, mkono mmoja kiunoni, tope mpaka magotini, anahema. "Taa ni yangu. Nilimwazima mama Esta mimi. Mume wangu nilimtuma na nikamwapisha. Anayetaka kumfukuza mtu anifukuze mimi."

 Wanaume waliangalia benchi. Mzee Mbaraka aliinuka kwa fimbo yake, akaenda taratibu hadi mezani. Aliichukua taa, akaigeuza, akatazama mitaro ya parafujo. Akaiweka chini.

"Ilikuwa inaingia bandani?"

"Ndiyo, baba."

"Ikirudi, ulikuwa unaiosha?"

"Mara saba, baba."

"Kwa udongo?"

"Moja kwa udongo. Nilikuwa nauchekecha."

Imamu aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia kijana wa koti la mvua.

"Mpishe binti yangu kwenye benchi. Hapo ulipoegemea panga lako. Huoni ana mimba?"

Kijana alipisha. Mapanga yalianza kuteremka, moja moja, kama watu waliokumbuka ghafla kwamba ng'ombe nyumbani hawana majani. Silvano alikuwa bado mezani, anaangalia mkewe, kisha taa, kisha mkewe.

"Esta, sasa dirisha lifunguliwe?"

"Yote manne, mzee, mchana," alidakia Benjamini. "Wanahitaji kuona jua, ndipo watakula. Semina haikukosea, mchana mrefu maziwa huongezeka. Ila jua likizama, giza liwe giza. Na wale wa mikia uwatenge leo."

"Na jicho la watu?"

"Tutapita tukiangalia chini," alisema Hezekia.

Mwanaheri alishuka mezani na kupiga simu kituoni. Aliomba Idrisa aletwe kwenye simu. Alisikia mlango wa chuma, viatu vikiburuzwa, kisha pumzi ya mtu aliyejiandaa kwa usiku mwingine.

"Afande, sikutia sumu," alisema Idrisa kabla hajaulizwa. "Na mengine sisemi."

"Mengine yameshasemwa, mwalimu. Rudi nyumbani, mkeo amechoka kusimama."